Kuandika majina ya mahali Jomvu Kuu: tuanze vipi, na jina lenye matamshi matatu tuliandikeje?

MwanaWaJomvu

Assalam aleikum wenzangu. Tuko watu sita hapa Jomvu Kuu, Mombasa, na tumekubaliana kuyaandika majina ya mahali ya kwetu kabla hayajapotea: visima, mibuyu, madiko ya mashua, njia za mguu zinazoshukia mikokoni, makaburi ya kale, hata pembe za mashamba. Ramani ya kwenye simu inaonyesha shule, vituo vya mafuta na maduka ya M-Pesa, basi. Tangu reli mpya ifike Miritini mwaka 2017 na barabara ya Dongo Kundu kufuata, kuna mahali ambapo hata alama yenyewe haiko tena. Jina limebaki midomoni mwa wazee tu.

Tunazo simu nne za Android, madaftari, na ruhusa ya mzee wa mtaa. Tulijaribu wiki mbili tukakwama. Jina moja latamkwa kwa namna tatu na hatujui tuandike lipi. Tulipiga nukta za GPS siku mbili tofauti kwenye kisima kimoja, zikaachana kwa mita 14. Picha tulizotumiana kwenye kikundi cha WhatsApp zimefika bila taarifa ya mahali zilipopigwa. Na daftari letu lina safu mbili tu, jina na maelezo, nahisi hazitoshi. Mwenye kujua kazi hii atuelekeze, na atueleze sababu yake, tusije tukairudia yote mwakani.

Maalim wa Kuze

Waaleikum salaam. Mmeiwahi kazi hii, alhamdulillahi. Nitaanza na fomu, kwa sababu ukikosea fomu utarudi kwa mzee yuleyule mara tatu, na hiyo mara ya tatu atakuwa amekuchoka.

Fomu nzuri ya kuigwa iko mbali, Scotland. Katika karne ya 19 wapimaji wa Ordnance Survey, idara ya ramani ya Uingereza, walipoichora nchi ile walikuwa na vitabu vya majina walivyovijaza parokia kwa parokia. Ukurasa ulikuwa na safu tano: jina kama litakavyoandikwa kwenye ramani, namna nyingine za kuliandika, ni nani aliyethibitisha kila namna, lilipo, na maelezo ya kitu chenyewe, kama ni nyumba, kijito, kilima au mawe ya kale. Kwa kawaida walitafuta mashahidi watatu kwa jina moja. Hata shamba dogo na kisima cha kando ya njia viliingia. Leo mtu akitaka kujua kibanda kilichobomoka zamani kiliitwaje, huko ndiko anakotazama.

Chukueni fomu yao, kasoro yao iacheni. Waliopewa uzito kwenye ushahidi ni mwenye ardhi, kasisi na mwalimu. Mchungaji aliyelipita jiwe lile kila siku alikuja nyuma yao. Tena majina mengi ya kule ni ya Kigaeli, lugha ambayo wapimaji wengi hawakuijua, yakaandikwa kwa sikio la Kiingereza. Kwetu kasoro hiyohiyo inakuja na sura nyingine: chifu, mwenye ploti na dalali ndio wanaoulizwa kwanza kwa kuwa ndio wanaopatikana mchana. Dalali ana jina lake la kuuzia. Muulizeni mvuvi, mgema, mkata mikoko na mama aliyechota maji miaka arobaini.

Kwa hiyo wekeni zile safu tano, mwongeze namba ya jina (JK-001, JK-002, namba iliyofutwa haipewi jina jingine kamwe), aina ya kitu, matamshi, hali yake leo, na tarehe pamoja na aliyeandika. Safu ya hali ndiyo watu huisahau. Kisima kilichofukiwa bado ni mahali, na andiko "kimefukiwa, juu yake kuna ghala" litamfaa mtu kuliko kimya. Tazameni Kengeleni: jina limetoka kwenye kengele ya Freretown, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS, chama cha umisheni cha Kiingereza, miaka ya 1870. Wangapi hushuka matatu Kengeleni kila siku bila kuitupia kengele jicho? Jina hushika njia yake hata alama isipotazamwa.

Kuuliza nako kuna kanuni zake. Usimtajie mzee jina. Ukimwambia "Hapa ni Mbuyuni, sivyo?" atakuitikia "Naam" kwa adabu, nawe utaandika jina lako mwenyewe ukidhani ni lake. Muulize, "Ukimtuma mtoto kisimani kutoka hapa, wamwambia apitie wapi?" Kisha mfuate kwa maneno, kituo hadi kituo. Kila akitaja mahali, simama hapo kwanza: pana nini, pamepakana na nini, kuna waliopaita vingine? Mkao mmoja usipite majina 20. Baada ya hapo majibu huwa mafupi na makosa huongezeka. Barazani nendeni baada ya alasiri. Akina mama waulizwe kwao na dada zenu, si mbele ya baraza la wanaume. Habari za visima na vichochoro ziko kwao.

Sasa matamshi matatu. Rekodini sauti, simu iwe sentimita 20 au 30 kutoka mdomoni, panka limezimwa, na msianze karibu na adhana. Mzee alitamke jina mara tatu: peke yake, kisha ndani ya "Natoka…", kisha ndani ya "Naenda…". Sababu ni hii *-ni* ya mwisho. Ukiuliza "Paitwaje?" mmoja atasema Bonde, mwingine Bondeni, na wote wawili wanasema kweli. Ndani ya sentensi ndipo itakapojulikana kama *-ni* imekwisha gandamana na jina, kama ilivyo Kilindini, ambako hakuna asemaye "natoka Kilindi", au kama inaonyesha mahali tu na yaweza kuondoka.

Sababu ya pili ni pumzi. Kimvita, Kiswahili cha hapa Mombasa, kina p, t na k zenye mpumuo (pumzi itokayo pamoja na sauti) na zisizo nao. Paa la nyumba na paa wa mwituni, kaa la moto na kaa wa mikokoni, kwenye karatasi ni maneno yaleyale, masikioni sivyo. Jina likiwa na "kaa" ndani yake, daftari haliwezi kukuambia kama palichomwa makaa au palishikwa kaa. Sauti itakuambia. Kwenye safu ya matamshi andikeni k'aa kwa yule wa mikokoni mwenye mpumuo, na alama hiyo ibaki kwenye safu hiyo tu, isiingie kwenye jina lenyewe.

Na msisahihishe. Dongo Kundu ni udongo mwekundu kwa lugha ya hapa. Mtu wa vitabu akiligeuza kuwa Udongo Mwekundu ameliua. Jina lenye namna tatu liandikwe zote tatu, kila moja na wasemaji wake. La kwanza liwe lile lisemwalo na wakaao karibu zaidi na mahali penyewe.

Kipimo_Changamwe

Maalim amemaliza upande wa maneno. Mimi niende kwenye nukta.

Mita 14 si ajabu. Simu ya kawaida mahali pa wazi hukosea mita 4 hadi 10, na chini ya mwembe mnene au kati ya kuta ndefu hukosea zaidi kwa sababu mawimbi ya satelaiti hugonga ukuta kwanza kabla ya kufika kwenye simu. Tumieni programu inayoonyesha usahihi kwa mita. Simameni palepale, simu kifuani, msubiri dakika moja au mbili hadi usahihi ushuke chini ya mita 5, ndipo mwandike. Chukueni nukta tatu kwa vipindi tofauti vya siku na mtumie wastani wake. Kisima kikiwa chini ya mti, pigeni nukta uwanjani pa wazi, halafu mpime kwa futi ya kamba na dira: "mita 18 kutoka nukta, upande wa kusini-magharibi". Hiyo ni sahihi kuliko nukta mbaya.

Andikeni kwa desimali, tarakimu tano baada ya nukta. Tarakimu ya tano ni kama mita 1. Za sita na saba kwenye simu ni mapambo. Na alama ya kutoa isisahaulike! Kisiwa cha Mombasa kiko karibu na latitudo -4.06, longitudo 39.67. Ukidondosha ile alama, kisima chako kitaangukia Ethiopia, kaskazini-mashariki ya Moyale. Kosa hili hutokea watu wanapoandika kwa mkono na kunakili usiku, kwa hiyo asiyeandika ndiye akague.

Jambo jingine litakalowasumbua mkipata ramani za zamani za serikali za 1:50,000. Zile zilichorwa kwa datumu (msingi wa kuhesabia latitudo na longitudo) iitwayo Arc 1960, simu yako inatumia nyingine, WGS84. Ukichukua namba za ramani ile ukazitia kwenye simu bila kuzigeuza, kila kitu kitahama karibu mita 300, hasa kwa mstari wa kaskazini na kusini. Kwenye ramani hiyo ni milimita 6 tu, jicho halishtuki, lakini mtaani mita 300 ni kisima cha watu wengine kabisa. QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, ni ya bure na inageuza, mradi uiambie namba zimetoka datumu gani. Ndiyo maana kwenye fomu kuwe na neno moja la kusema: "simu" au "ramani".

Mtaa usiupe nukta moja ukadhani umemaliza. Tembea na wenyeji watatu, kila mmoja kwa siku yake, ukimwuliza kila hatua mia: "Hapa bado tupo?" Mahali walipokubaliana wote pateni nukta. Walipoachana, andikeni kuwa ni mpakani na msichore mstari. Mstari mkishauchora, mwaka ujao kuna mtu atakuja nao kwenye kesi ya ardhi.

Picha: WhatsApp hubana picha na kufuta taarifa zilizofichwa ndani yake, mahali zikiwemo. Tumeni kama waraka, si kama picha, au hamisheni kwa waya. Kila kitu kipigwe mara mbili, karibu na kwa mbali ukiwa njiani, na faili lipewe namba ya jina siku hiyohiyo: JK-014-a, JK-014-b. Ukingoja wiki, mibuyu yote hufanana.

Kwenye lahajedwali chungeni ritifaa, ile alama ya ng'. Ziwa la Ng'ombe lililoandikwa kwa alama iliyonyooka na lile lenye alama iliyopinda ambayo simu hujiwekea yenyewe, kwa kompyuta ni majina mawili. Ukitafuta moja, la pili halitokei. Chagueni iliyonyooka, mzime tahajia ya kujisahihisha kwenye simu zote nne, na mhifadhi faili kwa UTF-8, mfumo wa herufi unaosomeka na kompyuta zote.

Nahodha_Mtongwe

Wenzangu wote wako nchi kavu! Jomvu Kuu imekaa kwenye hori la Tudor, na nusu ya majina yenu yako majini, kwa wavuvi.

Ya majini hayaandikwi maji yakiwa yamejaa. Hapa kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na fungu ulilolikanyaga asubuhi jioni linapitwa na mashua. Nendeni siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji yakipwa. Siku hizo hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi hivi, ila tazameni jedwali la maji la bandari kwanza na muwe mmeshafika saa moja kabla. Siku za maji mafu, yasiyopwa sana, msipoteze mafuta, hamtaona kitu.

Kwenye fomu ongezeni: laonekana maji yakiwa wapi? Daima, maji nusu, au bamvua tu. Kisha ni aina gani: mwamba, fungu la mchanga, tope, mkondo, diko. Kwa mahali pa mikokoni andikeni ni mti gani. Mlilana husimama mbele, majini. Mkoko wenye miguu hufuata kwenye tope. Mkandaa na mchu utawakuta nyuma, karibu na nchi kavu, ingawa mchu mwingine huchomoza hata mbele. Ukiandika "mikoko" tu umesema kama aliyeandika "miti". Mvuvi akisikia ni kwenye mililana anajua papo hapo mtumbwi utapita au hautapita.

Mahali pa bahari wazi mvuvi hakumbuki kwa namba. Analinganisha alama mbili za nchi kavu, moja ya mbele na moja ya nyuma, mpaka ziwe mstari mmoja. Kisha alama mbili nyingine upande wa pili. Mistari miwili ikikatana, uko juu ya mwamba wako. Basi andikeni hizo alama nne, kila jozi na uelekeo wake wa dira, pamoja na nukta ya GPS. Wengi huchukua nukta na kuziacha alama, na hapo wamepoteza nusu ya elimu, kwa sababu mnazi huanguka na ghorofa huziba mnara wa msikiti. Baada ya hapo hakuna atakayeelewa kwa nini mwamba ule unaitwa kwa jina la mti usiokuwapo.

Mafungu huhama baina ya pepo za kusi na kaskazi. Tarehe iandikwe, na baada ya msimu mrudi mtazame. Na jambo moja la heshima: mvuvi akikuonyesha mahali pake pa kuvulia, jina andika, nukta usiitoe hadharani mpaka aseme mwenyewe.

MwanaWaJomvu

Shukran sana Maalim, na ndugu zangu wawili. Tumeongeza safu usiku huu na tumefuta nukta zote za wiki ya kwanza. Limebaki fundo moja. Kuna mahali ambapo sisi twapaita kwa Kimvita, na jirani zetu Waduruma na Wagiriama wana jina lao. Wakati mwingine ni lilelile kwa matamshi yao, wakati mwingine ni jingine kabisa. Wazee wawili wamekaribia kukosana juu ya lipi ni la asili. Na pia asili ya majina: kila mmoja ana hadithi yake.

BintiKengeleni

Kaka, usitafute la asili. Andika yote, kila jina na lugha yake, kisha uwasomee wazee wote wawili kwa sauti waone kuwa la kila mmoja limeingia. Kinachowatia hasira ni hofu ya kuachwa nje.

Tahajia ya Mijikenda, yaani Wagiriama, Waduruma na ndugu zao, iheshimuni. Mchanga wetu kwao ni *mtsanga*. Kuna dz, ts, ph na sauti ambazo karani wa Kiswahili huzinyoosha bila kujua, mtsanga ukawa msanga. Mpeni Mgiriama ayaandike ya Kigiriama, na Mduruma ya Kiduruma. Mkija kuyapandisha kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, kila lugha ina msimbo wake: sw ya Kiswahili, nyf ya Kigiriama, dug ya Kiduruma, dig ya Kidigo. Jina kuu huwa lile linalotumiwa zaidi na wakazi, na mengine hukaa pembeni yake bila kufutana. Lililoachwa kutumika lina nafasi yake ya jina la zamani.

Hadithi za asili ziwekwe mbali na ukweli wa mahali. Fungueni safu yake, iandikwe "kwa mujibu wa" na namba ya msimulizi. Hata jina la Mvita lenyewe, jina la kale la Mombasa, wako wanaolitoa kwa Shehe Mvita, mtawala wa zamani, na wako wanaolitoa kwenye vita. Mwandishi hana haja ya kuwaamulia. Majina ya kikoloni nayo yaingie vilevile: Port Reitz lilitokana na Reitz, luteni wa jeshi la majini la Uingereza aliyewekwa Mombasa mwaka 1824 akafa mwaka huohuo, lakini watu wanaishi nalo, wanalitumia, ni lao sasa. Liandikwe, na kando yake jina ambalo wazee wa pale watalitaja.

Makaburi, mizimu na mahali pa tambiko, ulizeni kabla ya kupiga picha, si baada. Muwe na nakala mbili. Ya ndani ina kila kitu. Ya hadharani ina jina na eneo la jumla tu kwa mahali hapo, kwa sababu nukta kamili humwongoza mchimba hazina na mnyakuzi wa ardhi kwa usawa. Vigango, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu wa Mijikenda, tayari vimeibwa sana pwani hii.

Na majina ya wasimulizi: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa. Mzee aulizwe mwanzoni mwa rekodi, kwa sauti, kama jina lake litajwe au aitwe M-07. Namba ya simu yake isiingie kwenye lahajedwali la majina hata kidogo. Iwe kwenye daftari la kiongozi wa kikundi.

Mkifika majina mia hivi, chapisheni nakala kwa karatasi. Moja ikae msikitini au shuleni, moja mpeleke kituo cha utafiti wa Kiswahili cha Makumbusho hapa Mombasa, moja kwa mzee aliyewapa mengi zaidi. Acheni ukingo mpana wa karatasi kila ukurasa, sentimita 4 au zaidi, na mwache penseli juu yake. Atakayepita ataongeza.

MwanaWaJomvu

Dada, hilo la kuwasomea tumelifanya leo alasiri. Wameongeza majina manne ambayo hawakuwa wameyataja, na moja ni la kisima ambacho sote sita tulikuwa tumekalia kifuniko chake tukidhani ni benchi la saruji. JK-031. Kesho bamvua, twashuka mikokoni na mvuvi.